Mauzo ya Kwanza ya Idara ya Kazi Pepe

Idara ya Kazi Pepe iliutangazia umma, kwa furaha na kwa vipaza sauti vikubwa, kwamba ukosefu wa ajira umekwisha. Umekwisha kabisa. Kijana yeyote mwenye simu na bando angeweza sasa kuingia kazini bila kazi yenyewe kuwepo, akajifunza kuuza teknolojia, akapata uzoefu wa kuuza teknolojia, na muda wote huo akabaki kwao bila kumsumbua mtu. Waliouliza habari za mshahara walijibiwa kwamba swali lao limepokelewa.

Aliyewajibu ni Bwana Mratibu, na mpango wote ulikuwa wake. Wazo lilimjia kwenye semina, baada ya chakula cha mchana, akiwa amefumba macho ili afikiri vizuri. Tangu siku hiyo aliulea mpango kama mzazi. Ili uzoefu uwe kamili, aliagiza mtandao uwekewe foleni ya magari: mwanagenzi akibonyeza kuingia kazini asubuhi, anaonyeshwa picha ya barabara iliyofunga, na hapo anasubiri. Akifika, anakaripiwa kwa kuchelewa. Palikuwa pia na lifti pepe iliyoharibika, chai pepe iliyokwisha kabla ya zamu yake, na bosi pepe ambaye siku zote alikuwa safarini.

"Nataka siku wakipata kazi ya kweli wasishtuke," alisema Bwana Mratibu, na wasaidizi wake wakatikisa vichwa kwa uchungu wa kizalendo.

Waziri, mama mmoja mwenye miwani na maneno machache, aliupenda mpango, akatoa ahadi. Mwanagenzi wa kwanza kuuza kitu mbele yake ataajiriwa, ajira hasa, ya kuvaa viatu. Na kazi ya uratibu itapandishwa hadhi iwe ya ukurugenzi. Bwana Mratibu alipolisikia hilo la pili, roho ilimdunda. Mkurugenzi hukalia kiti cha ngozi kinachozunguka. Yeye alikuwa akikalia kiti cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya, na kila alipotaka kugeuka ilimbidi ainuke. Alikitaka kile kiti kama mtoto anavyotaka baiskeli, na wala hakuona aibu.

Tatizo lilikuwa dogo: hakuna mwanagenzi aliyewahi kuuza chochote. Mteja wa Mfano, ambaye kila mwanagenzi alitakiwa kumuuzia mitambo na programu, alikuwa Bwana Mratibu mwenyewe, kwa sababu fungu la kuajiri mteja liliishia kwenye sherehe ya uzinduzi. Naye alicheza uteja kwa namna pekee aliyoijua. Mwanagenzi akishamaliza kujieleza, jasho linamtoka, Bwana Mratibu alikohoa na kusema kwa sauti nzito, "Tumelipokea. Tunalifanyia kazi. Mtajulishwa." Wanagenzi walishukuru na kusubiri. Wengine wanasubiri mpaka leo.

Miongoni mwao alikuwepo msichana ambaye Bwana Mratibu alimpa jina la Cherehani, maana kila akiwasha kipaza sauti, nyuma yake cherehani ililia.

"We Cherehani, nyamazisha hiyo mashine! Hapa ni kazini."

"Samahani bosi. Ni mama, anamalizia magauni ya watu."

"Mwambie ahamie chumba kingine."

"Hakuna kingine, bosi."

Na kutoka nyuma, sauti ya mama mtu: "Muulize huyo bosi wako, magauni yakichelewa, bibi harusi atakuja kumvaa yeye?"

Msichana huyu aliitaka ile ajira kwa moyo wote. Tangu amalize masomo alikuwa nyumbani, na mama yake alikuwa amempisha kwenye kona ya meza ya kukatia vitambaa. Kila mtu aliyeingia kuchukua nguo aliuliza, "Na huyu mwanao anafanya nini hapo?" Mama alijibu, "Yuko kazini," kisha akajifanya anatafuta sindano. Hilo la kutafuta sindano ndilo lililomuuma binti.

Siku ya Waziri kushuhudia ikafika. Ukumbi ulipambwa, skrini kubwa ikatundikwa, na Bwana Mratibu akaketi mbele kabisa kwenye kiti chake cha plastiki, tayari kucheza Mteja wa Mfano. Alikuwa amejipanga. Mwanagenzi wa kuuza angekuwa mpwa wake, kijana mwenye tai na Kiingereza cha puani, na safari hii mteja angekubali.

Ila mpwa hakutokea. Mratibu akapiga simu chini ya meza.

"We uko wapi?"

"Mjomba, niko kwenye foleni."

"Foleni gani? Si uko nyumbani?"

"Hii yako, mjomba. Ya kwenye kompyuta. Haisogei kabisa!"

Wanagenzi karibu wote walikuwa wamekwama. Skrini ilionyesha barabara na magari, na Waziri akaanza kutazama saa. Ndipo ikasikika cherehani. Msichana, ambaye alishaizoea foleni hiyo, alikuwa ameingia tangu alfajiri, mama yake alipoanza kushona.

"Shikamoo bosi. Hamjambo wote," alisema. "Kabla sijataja bidhaa, nina swali. Huko kazini kwako, ni nini kinachokuchosha?"

Lilikuwa somo la kwanza la mafunzo: muulize mteja shida yake. Bwana Mratibu aliliandika yeye mwenyewe na hakuwahi kulisoma. Katika utumishi wake wote hakuna aliyewahi kumuuliza kinachomchosha. Akasahau kwamba anaigiza.

"Watu," alisema. "Watu, mwanangu! Wanakuja na maombi asubuhi mpaka jioni. Naongea mpaka sauti inakauka."

"Pole sana bosi. Na unawajibu nini?"

"Tumelipokea. Tunalifanyia kazi. Mtajulishwa."

"Wote?"

"Wote. Sina upendeleo."

"Na kuna aliyewahi kujulishwa?"

"Hilo liko idara nyingine."

Waziri alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Basi bosi," alisema Cherehani, "ungependa kitu cha kuwajibu kwa niaba yako? Kwa sauti yako hiyohiyo, na hakikauki koo?"

"Nakitaka! Leo!"

Msichana akainua mbele ya kamera simu kuukuu yenye kioo kilichopasuka, akabonyeza. Sauti nzito, tulivu, yenye mamlaka, ikajaa ukumbini: "Tumelipokea. Tunalifanyia kazi. Mtajulishwa."

"Nilikurekodi kwenye mazoezi," alieleza. "Nilikuwa na nafasi. Nilikuwa nasubiri kujulishwa."

"Nimenunua!" alipiga kelele Bwana Mratibu, akaruka juu kwa furaha, na mguu wa kiti ukafunguka waya. Makofi yalirindima. Cherehani ya nyuma ilinyamaza ghafla, maana mama alikuwa amefunika mdomo kwa gauni la mtu.

Waziri akasimama.

"Hicho kifaa kinaomba likizo?"

"Hapana, Mheshimiwa," alijibu msichana.

"Kinakwenda semina?"

"Hakiwezi, Mheshimiwa."

Waziri akamgeukia Bwana Mratibu. "Wewe ndiye mtaalamu. Kinaiweza kazi yako?"

"Yote, Mheshimiwa!" alisema akijipiga kifua. "Hata mimi mwenyewe siwezi kututofautisha!"

"Nakushukuru kwa ukweli wako," alisema Waziri.

Ahadi ilitimizwa bila kupunguzwa hata chembe. Msichana aliajiriwa, na siku hizi mama yake akiulizwa habari zake hujibu kwa sauti ya kusikika mpaka mtaa wa pili, sindano ikiwa mkononi. Kazi ya uratibu nayo ilipandishwa hadhi. Simu ikawekwa juu ya kiti cha ngozi, kwenye mto mdogo, na kila asubuhi mhudumu hukizungusha kidogo ili Mkurugenzi atazame dirishani.

Bwana Mratibu, kwa kuwa sasa hakuwa na kazi, alitimiza masharti yote ya mpango wake. Aliingizwa wa kwanza katika awamu mpya.

"Baba watoto," mkewe alimwita asubuhi moja, "hebu nisaidie kuhamisha hili kabati."

"Siwezi, niko kwenye foleni."

"Foleni gani, na umekaa kwenye kochi?"

"Kuna ajali mbele," alisema, amevaa tai, macho kwenye simu.

Alipofika kazini alikaripiwa kwa kuchelewa. Akaona hii sasa imezidi, akapiga simu makao makuu kulalamika: foleni ipunguzwe, lifti itengenezwe, na mtu wa hadhi yake apewe kiti. Upande wa pili sauti nzito, tulivu, yenye mamlaka, ikamjibu.

Bwana Mratibu alikaa wima, akafunga kifungo cha koti, na machozi ya faraja yakamlengalenga.

"Asante sana, Mkurugenzi," alisema. Akamgeukia mkewe. "Umesikia? Huyu bosi mpya ndiye anayenielewa."