Shangazi Niliyemtambua kwa Moyo

Leo nimepatikana. Nimepatikana mchana kweupe, mbele ya majirani, na sijui nimlaumu nani, maana aliyenidanganya yumo humu humu kifuani mwangu.

Wengi wenu hamjui kwamba baba yangu alikuwa na dada. Hata mimi nilimjua kwa jina tu: Shangazi Veneranda. Baba alifariki nikiwa darasa la pili, tukiishi Karagwe. Mama akanichukua tukahamia Mwanza, na kati yake na upande wa baba yakapita maneno ambayo mpaka leo hakuna aliyenisimulia. Tukapotezana. Mwaka huu muumini mmoja wa parokia yetu akamwona huko huko Karagwe, akaniletea namba yake. Tukaongea kwenye simu, simu yenyewe ya kitochi, inakwaruza kama kikaango. Leo alikuwa anakuja huku Kigali, nilikoolewa, kuniona. Ndiye mtu pekee aliyebaki duniani wa kuniambia baba yangu alikuwa mtu wa namna gani. Hilo mlijue kabla hamjaanza kunicheka.

Asubuhi mume wangu Faustin akaniuliza nitamtambuaje. Faustin ni fundi umeme, hashiki waya bila kuupima, na anaishi hivyo hivyo na watu. Akashauri niulize amevaa nini, au niandike jina lake kwenye boksi na kulinyanyua pale stendi. Nikamwambia shangazi yangu si mzigo. Damu itanijulisha. Moyo wangu ndio ulionichagulia mume, nyumba na jiko la gesi. (Jiko lilikuwa bovu. Lakini mume na nyumba, hapana.)

Faustin akasema sawa, akaenda zake kazini.

Stendi ya Nyabugogo ilikuwa kama kawaida yake: makondakta wanaita Musanze, wapagazi wanakusukuma na magunia, kila mtu anatafuta mtu. Basi la kutoka mpakani lilikuwa limeshafika na abiria wametawanyika. Nikapiga simu ya shangazi. Haipatikani. Mwingine angebabaika. Mimi nilitulia, nikavuta pumzi, nikauacha moyo utafute.

Ukapata. Kwenye benchi, karibu na ofisi za mabasi, alikuwa amekaa mama mnene mwenye kitenge cha zambarau, amepakata kikapu, anaangalia watu kwa macho ya upole. Jamani, kifua kilinipasuka. Sijawahi kuhisi kitu cha namna ile, hata siku ya harusi yangu. (Faustin, kama unasoma, samahani.)

Nikamwendea nikisema, "Shangazi!" Akainua uso akatabasamu. Nikamwangukia shingoni nikalia kwa sauti. Naye akalia. Nikamwambia nimemsubiri maisha yangu yote. Akanipapasa mgongo, akasema kwa Kiswahili cha upande wa ziwa Kivu, "Aksanti, mutoto wangu. Niliambiwa tu kama kuna mutu atanifuata, sikujua kama ni kwa mapendo ya namna hii."

Hapo nilijiuliza kidogo. Karagwe wanaongea hivyo? Nikajijibu kwamba watu wanahamahama. Mpaka wapagazi walisimama kututazama, na mama mmoja mwembamba aliyekaa benchi hilo hilo akauvuta mkoba wake akasogea mbali. Nikaona ni mtu asiyependa mapenzi ya watu.

Tukapanda taksi kurudi kwangu Niboye. Njiani simu yangu ikaita, namba nisiyoijua. Nikakata. Nani anaongea na namba ngeni wakati damu yake imekaa pembeni?

Shangazi akanieleza kwamba mtoto wake Bosco alikuwa amemhakikishia kuwa kwetu tunapenda wageni. Sikujua nina binamu anaitwa Bosco. Nikafurahi. Kisha akasema, kwa utulivu kabisa, "Baba yako nimeongea naye juzi kwa simu. Ni mutu wa upole sana."

Mtu mwenye akili hapo angeuliza swali. Mimi nywele zilinisimama. Nikajua nimekaa na mtu ambaye Mungu amempa macho mengine. Nikamwinamia sikioni, nikauliza, "Anasemaje?"

"Anasema karibu sana nyumbani. Anasema tu chumba ni kidogo."

Nikalia upya. Chumba kidogo! Baba yangu amelala kwenye chumba kidogo peke yake miaka yote hiyo. Dereva akazima redio, akawa anatuangalia kwa kioo mpaka tunafika.

Nyumbani nilikuwa nimepika ndizi na nyama, isombe ya majani ya muhogo, wali, na nimewaita majirani. Wakaja wamevaa vizuri. Mama Kevin wa ng'ambo ya barabara alikuwa mbele kabisa, kwa sababu ndiye anayeniambia kila siku nisiishi kwa hisia kama mtoto mchanga. Nikasimama katikati ya sebule, nikamtambulisha shangazi yangu. Nikaeleza jinsi nilivyomtambua bila picha wala kuulizia mtu. Kisha (hapa ndipo ningetamani umeme ungekatika) nikawatangazia kwamba shangazi huwa anaongea na marehemu baba.

Mama Kevin akafanya ishara ya msalaba. Shangazi alikuwa na mfupa mdomoni, hasikii vizuri, akatikisa kichwa tu kwa heshima. Tukamtazama kwa hofu akiutafuna.

Simu yake ikalia. Kwa kuwa sikio lake ni zito, akaiweka sauti ya juu, nyumba nzima tukasikia. Ilikuwa sauti ya msichana, karibu kulia.

"Mama, uko wapi? Dada amezunguka Nyabugogo akikutafuta mpaka miguu imevimba."

"Niko kwenu. Niko nakula."

"Kwetu wapi, mama? Sisi tuko hapa Gahanga tunakusubiri."

Shangazi akanitazama. Mimi nikamtazama. Kwenye simu msichana akamgeukia mtu mwingine, tukasikia mzee anakohoa, anauliza kwa upole kama mama mkwe amepotea, na kama amekula.

Mama Kevin akaniinamia. Akauliza taratibu, kama mtu anayeuliza njia, "Huyo anayekohoa ndiye marehemu?"

Nikajifanya nahesabu glasi. Mngejibu nini?

Ikabidi tuanze kuelezana. Yule mama anaitwa Mama Esperance, ametoka Kamembe, kando ya ziwa Kivu, kijana wake Bosco amemwoa binti wa Gahanga, pembezoni mwa Kigali, na leo alikuwa anakwenda kwa wakwe zake mara ya kwanza. Aliambiwa dada wa bibi harusi atamfuata stendi. Nilipomwita shangazi, alidhani ndivyo tunavyowaita wakwe huku Kigali. Nilipolia, aliona kwamba mwanawe ameoa kwenye ukoo wa maana. Na chumba kidogo ni chumba cha wageni, huko Gahanga.

Watu wakaanza kucheka chini chini, wakijificha nyuma ya glasi. Mimi nilikuwa sicheki. Nilikuwa nimekumbuka kwamba kama huyu ni wa Gahanga, basi wangu yuko Nyabugogo, peke yake, na mimi nimekata simu yake.

Sikufika hata mlangoni. Mlango ukafunguliwa, akaingia Faustin na begi kubwa mkononi. Baada ya mimi kukata ile namba ngeni, shangazi wa kweli, ambaye simu yake ilikuwa imeisha chaji, aliomba tena simu ya watu akampigia yeye, kwa namba niliyokuwa nimempa ya akiba. Nyuma yake akaingia mama mwembamba, amenyooka kama mshumaa, mkoba ameubana kwapani. Mnamjua. Ni yule wa benchi.

Akanitazama kutoka kichwani mpaka miguuni. Akamgeukia Faustin.

"Ndiye huyu?"

Faustin akasema ndiye.

"Huyu nilimwona," akasema Shangazi Veneranda. "Anamkumbatia mama wa watu na kulia machozi ya uongo. Moyo ukaniambia, Veneranda, huyo ni mwizi, shika mkoba wako."

Sebule ilipasuka kwa kicheko. Mama Kevin alikalia sahani ya mtu. Faustin hakucheka, na ndilo lililoniuma zaidi. Alikuwa anatuangalia, mimi na yeye, kwa zamu, kama anayelinganisha nyaya. Akasema paji la uso ni lile lile, mwanya ni ule ule, hata kushika kiuno kwa mkono wa kushoto. Nikajiangalia. Kweli nilikuwa nimeshika kiuno. Kila mtu pale sebuleni aliona isipokuwa mimi.

Na jambo hili ndilo linalonichanganya. Niliposalimiana na shangazi yangu wa damu, sikuhisi kitu. Mkono mkavu, "Hujambo," basi. Kifua kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Kwa mgeni wa Kamembe nililia mpaka kamasi.

Mama Esperance peke yake hakuona aibu. Alisema moyo wake ulimwambia kuwa mimi ni mtu mzuri, na haukumdanganya, kwa sababu nimemlisha. Akaniachia nusu ya sambaza, vile visamaki vya Kivu, alizowaletea wakwe zake. Dada wa bibi harusi alipokuja kumchukua, tuliagana tena kwa machozi. Nililia kweli kweli, nikijua kabisa kwamba simjui.

Sasa mnieleze. Mioyo mitatu, siku moja, benchi moja. Mmoja umemwona ndugu kwa mgeni, mmoja umemwona mwizi kwa ndugu, na mmoja umepata, lakini kwa kupitia ndizi na nyama. Faustin anasema ningeandika boksi. Najua. Lakini boksi lingenionyesha jina lake tu. Lisingeniambia nimpende vipi.

Majirani walipoondoka, Mama Kevin akiwa ameshamsimulia shangazi kisa chote neno kwa neno, tulibaki jikoni mimi na Shangazi Veneranda. Mimi naosha vyombo, yeye anapangusa, hatuongei. Nilikuwa nimeshakata tamaa. Ghafla akasimama na sahani mkononi, akasema kwa sauti ndogo, "Anayekohoa ndiye marehemu?" Akaanza kucheka. Alicheka akiwa ameinama, ameshika ukingo wa sinki, hana sauti, mabega tu yanatetemeka. Akafuta macho, akasema baba yangu alikuwa akicheka hivyo hivyo, bila sauti, hata msibani, mpaka wakamtoa nje.

Hapo ndipo moyo wangu ukaruka kama pale Nyabugogo.

Nikauambia ukae chini. Kwa leo umeshaongea vya kutosha.