Waogaji wa Bafu Kavu

Jumatatu, 3 Machi

Miaka mitatu na ushee tangu niage nyumbani. Nilisema naenda mara moja tu kutafuta. Bado natafuta.

Leo nimepandisha zege ghorofa ya nne mpaka mgongo ukagoma. Nikabaki ngazini nimejikunja kama ndoano. Nyapara akapita, akauliza nafanya kazi au natafuta sindano. Simpendi. Naye hanipendi, ila yeye analipwa kwa kutonipenda.

Jioni tukaenda bafuni kama kawaida, sisi sita wa chumba kimoja. Chumba chetu hakina bomba, kina kitasa na kunguni. Bafu la manispaa ndiko tunakorudi kuwa watu: vigae vya buluu, mabenchi ya mbao, bwawa la maji ya moto yanayoingia hadi kwenye mfupa. Mwashi wetu hawezi kushika mwiko asubuhi kama hakuloweka vidole jioni. Vimemkakamaa kwa saruji.

Mlangoni, tangazo! Bafu limekabidhiwa kwa mwekezaji. Halijauzwa, eti ni ubia. Jiji litampa ruzuku ili wa kipato cha chini waendelee kuoga kwa bei ileile. Mama Sabuni, anayeuza sabuni na madodoki pale mlangoni tangu vigae vikiwa vipya, akamwuliza diwani aliyekuja kulibandika bafu limekwenda kwa bei gani na ruzuku ni kiasi gani. Diwani akasema hiyo ni siri ya kibiashara. Mama akauliza siri ya nani, wakati bafu ni letu na hela ni za kodi zetu. Diwani akatazama saa yake, akakumbuka ana kikao.

Shemeji yangu Cheche, kaka wa mke wangu, mchomeleaji wa vyuma, akasema tumeibiwa mchana kweupe. Wote wakaitikia. Watu wanalia kwamba bafu limepata mwenyewe. Mimi najiuliza: je, huyo mwenyewe ameshapata mtu wa mlangoni?

Kazi ya kukaa! Kiti! Kivuli! Mgongo ukasikia, ukanyooka kidogo.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwambia nyapara jino linauma. Akasema jana ulikuwa mgongo. Nikasema maumivu yamepanda.

Nikavaa shati la Cheche la ukosi (yuko kazini, hatajua). Nikamkuta Mwekezaji. Mtu mnene, mpole, viatu vyeupe, anakula karanga. Nikatoa hotuba niliyoiandaa tangu alfajiri, kwamba mimi ni mtu wa watu, waogaji wote nawajua kwa nyayo zao. Hakusikiliza hata nusu. Akauliza kitu kimoja tu, kama naweza kutunza siri. Nikasema mimi ni kaburi. Akasema vizuri, ila anahitaji kaburi lenye miguu.

Akanieleza. Ameweka mlangoni geti la chuma lenye mikono mitatu. Mtu akipita, geti linazunguka, linalia ka! na namba inapanda kwenye kidirisha. Jiji linampa ruzuku kwa kila ka! Halihesabu watu, linasoma namba. Maji ya moto yanakula mafuta. Ka! haili kitu. Kwa hiyo bafu litafungwa kwa ukarabati, na mimi nitazungusha geti.

Nikauliza kama ni halali. Akasema mkataba umeruhusu. Nikaomba niuone. Akasema ni siri ya kibiashara. Nikaridhika kabisa. Mtu mzito haonyeshionyeshi makaratasi yake ovyo.

Cheo changu: Msimamizi wa Mtiririko wa Waogaji! Nimempigia mke wangu. Akapiga kigelegele. Halafu akauliza nasimamia watu wangapi. Nikasema geti. Simu ikakatika. Mtandao unasumbua sana siku hizi.

Alhamisi, 6 Machi

Kiti kipo. Ni cha Mwekezaji.

Mimi nasukuma (nyapara anajua jino bado linauma). Ka! Ka! Ka! Asubuhi ilikuwa raha. Kila mlio nikaupa mtu: huyu mfagiaji, huyu mama ntilie, huyu mzee wa baiskeli. Nikawasalimia na kuwaulizia watoto. Kufika adhuhuri sikuwa na hamu na familia ya mtu. Mgongo ukauma kuliko siku ya zege. Nikageuka, nikasukuma kwa makalio. Dunia ikaanza kuzunguka nami.

Jioni wenzangu wakaja, taulo mabegani. Nikawaambia kwenye kidirisha cha tiketi kwamba tuna ukarabati. Cheche akauliza mbona geti linalia. Nikasema linajaribiwa. Akasema mbona Mama Sabuni analisikia tangu asubuhi, anayelijaribu ni nani? Nikasema wataalamu. Akachungulia. Akawaambia wenzake kwamba mtaalamu amevaa shati lake.

Chumbani hakuna aliyenisemesha. Wameoshea miguu kwenye ndoo moja, kwa zamu. Ilipofika kwangu ilikuwa tope.

Jumamosi, 8 Machi

Mwashi ameangusha mwiko mara mbili leo, na mara ya pili nusura umpate nyapara kichwani. Nyapara kampa hadi mwisho wa wiki ijayo. Vidole vikiwa bado vimekakamaa, atafute kazi ya kupiga tarumbeta. Cheche kayasema haya kwa sauti, akiutazama ukuta, ila mimi ndiye niliyekuwa kati yake na ukuta.

Imeniuma. Lakini nifikirie vizuri. Nikithibitishwa kazini, nitakuwa na funguo. Nikiwa na funguo, nitamwingiza mwashi kwa mlango wa nyuma. Kwa hiyo kadiri ninavyosukuma, ndivyo ninavyomsaidia. Nilijaribu kumweleza. Akaniuliza maji yenyewe yapo? Mtu huyu ana haraka sana.

Jumatatu, 10 Machi

Wazo! Kwa nini nisukume mimi wakati umeme upo?

Nikaenda mjengoni na toroli. Nikatoa mota ya ile mashine ndogo ya kuchanganyia zege. Nikamwambia mlinzi inakwenda kutengenezwa. Akanisaidia kusukuma hadi barabarani, masikini, akaniambia pole kwa kazi. Nikaifunga kwenye geti kwa mkanda. Nikachomeka.

Kakakakakaka! Muziki!

Nikaingia ndani ya bwawa kavu, nikalaza kichwa juu ya mfuko wa saruji. Hatimaye kazi ya kukaa. Tena ya kulala!

Nikaamshwa na kelele za Mwekezaji. Kibao cha pale stendi kinasema jiji lina wakazi laki mbili. Kidirisha kinasema walioingia ni laki tatu na zaidi. Wameoga wote! Wameoga wagonjwa mahututi, wameoga wafungwa, wameoga watoto walioko tumboni, na bado kuna waliorudia.

Karanga ikamkwama Mwekezaji. Nikampiga mgongoni, nikashauri tulizungushe geti kinyumenyume. Tukajaribu. Kumbe linahesabu na wanaotoka. Ka!

Namba imeshakwenda ofisi za jiji yenyewe, kwa waya. Mwekezaji akakaa kitini akajipepea. Halafu akatulia. Akasema hakuna mtu kule ofisini anayesoma vitu hivyo, hajawahi kutokea.

Jumatano, 12 Machi

Ametokea.

Jiji limefurahi mno! Hakuna bafu lililowahi kuhudumia wananchi wengi hivi. Naibu meya anakuja kesho kutupa cheti cha Bafu la Mfano. Na redio. Matangazo ya moja kwa moja.

Mwekezaji kapauka. Anataka waogaji, na waogaji wanataka maji. Akaamuru boila iwashwe, huku ameshika moyo. Kuhusu waogaji nikamwambia aniachie mimi. Nikapita mjengoni kama mtu anayealika harusi: bure, maji ya moto, na sabuni ya Mama Sabuni juu ya Mwekezaji! Cheche akasema yeye hanunuliki. Akasema heri afe na vumbi lake. Akaondoka. Akarudi kuuliza moto kiasi gani.

Alhamisi, 13 Machi

Niandike upesi, kichwa bado kinavuma.

Walijaa. Wabeba zege, mafundi bomba, hata mlinzi wa mota. Mvuke hadi darini. Mwashi kazamisha mikono hadi viwiko, anafumba vidole na kuvifumbua, anavicheka. Sijamwona akicheka tangu tangazo libandikwe.

Mimi sikupata kuoga. Msimamizi hasimamii akiwa na povu.

Naibu meya akaingia na suti. Miwani ikashika ukungu. Akahutubia nguzo dakika nzima, akaipongeza kwa uwekezaji wake. Mwekezaji akaja kusimama mbele ya nguzo.

Kisha dada mmoja wa redio akauliza hesabu ile ni ya muda gani. Mwekezaji akasema wiki moja. Dada akauliza kama ina maana hata mtoto mchanga wa jiji hili kaoga hapa, na wengine mara mbili. Naibu meya akasema huo ndio mwamko wa usafi. Dada akamgeukia Mama Sabuni, akauliza wiki hii kauza sabuni ngapi. Mama akasema mwanangu, hata kipande, bafu lilikuwa limefungwa.

Maji tu yanadondoka. Mwekezaji akanitazama.

Nafasi yangu! Nikaruka mbele. Nikasema watu wasishangae, sisi vibarua tunachafuka sana, na mimi mwenyewe, kwa siku moja, naoga hata mara elfu.

Wote wakanigeukia. Sikuwa nimeoga wiki nzima. Saruji ilikuwa imenikalia mpaka kwenye kope. Dada wa redio akawaeleza wasikilizaji jinsi nilivyo, taratibu, kuanzia juu kwenda chini. Cheche alicheka hadi akazama, ikabidi avutwe.

Dada akaomba mkataba usomwe. Naibu meya akasema ni siri ya kibiashara. Ndipo Mama Sabuni akaweka kikapu chini. Akasema:

"Mheshimiwa, wanaume wote hawa wako uchi mbele yako na hakuna anayelalamika. Huo mkataba peke yake ndio unaona haya?"

Bafu likalipuka kwa vicheko. Watu wakapiga maji kwa mikono kama ngoma. Suti ya naibu meya ikalowa hadi mifukoni. Na redio ilikuwa hewani.

Jumamosi, 15 Machi

Mkataba umebandikwa mlangoni. Jiji zima limekuja kuusoma, sasa ndiyo kweli limefika. Cheche akatusomea. Bafu limetolewa kwa bei ya kutupa. Ruzuku italipwa kwa kila mzunguko wa geti. Kuna ukurasa mzima juu ya rangi ya geti. Neno "maji" halimo popote.

Mkataba umesimamishwa. Bafu limerudi manispaa, na kamati ya waogaji itaonyeshwa hesabu zote kila mwezi. Mama Sabuni ndiye mwenyekiti. Boila inawaka. Mwashi leo kajenga ukuta mrefu kama treni, na nyapara kaukagua kwa pimamaji akitafuta kosa, hajalipata.

Mimi Mwekezaji kanifukuza. Nyapara naye kanifukuza, kwa ajili ya mota. Kufukuzwa na wawili siku moja! Wengine hata kazi moja hawana.

Jioni nikasimama nje ya bafu, karibu na ukuta. Mama Sabuni akaniona. Akauliza kama leo nimeshaoga elfu yangu au bado. Akanisukumia kipande cha sabuni, akasema ingia baba, unatuchafulia mtaa. Ndani, mwashi akachukua dodoki akanisugua mgongo, pale panapouma, kwa vidole vyake vilivyolegea. Nami nikajifuta uso. Povu lilikuwa limeniingia machoni.

Nimetubu. Kuanzia leo ni jasho langu tu.

Jumatano, 19 Machi

Nimekutana na Mwekezaji! Sasa anavaa viatu vyeusi na kofia, na kampuni ina jina jingine. Hana kinyongo. Kanikumbatia. Anachukua bustani ya jiji, ile yenye mabenchi na bembea. Haijauzwa, ni ubia. Jiji litampa ruzuku kwa kila mti unaomwagiliwa, na anahitaji mtu mzoefu. Cheo: Msimamizi Mkuu wa Kivuli. Hatimaye kivuli!

Cheche kasema nikienda huko nisimwite shemeji tena, na shati lake nilirudishe. Wivu. Mama Sabuni kaja mpaka chumbani kusema kamati inatafuta mtu wa kuwasha boila, mshahara mdogo ila wa kila mwezi, hesabu ukutani kila mtu aone. Nimemshukuru. Huwezi kukua mahali ambapo kila mtu anaona.

Lakini mjinga sirudii kuwa. Safari hii nilimkazia macho Mwekezaji, nikamwambia bwana, ya mdomo sitaki, nataka mkataba! Nikaona ameniheshimu. Akauleta, akafunika maandishi kwa kiganja, akaniachia pale pa kutia sahihi. Yaliyobaki ni siri ya kibiashara. Nimetia sahihi mara mbili, kwa usalama zaidi.

Nimempigia mke wangu aanze kuandaa. Mwezi wa sita niko nyumbani, kama mkataba unaniruhusu.