Difu Mpya ya Tawakali

Jumamosi, 5 Desemba 1964

Msambweni. Nimemaliza darasa la nane. Baba anasema yatosha. Anasema msichana aliyemaliza la nane amemaliza, na kuanzia Januari Shangazi atanifundisha kusuka mikeka. Nilinyamaza kwa adabu. Moyoni sikunyamaza.

Baada ya magharibi alikuja Mjomba Chande, kaka yake Mama, mwenye pikapu iitwayo Tawakali, ile inayopeleka samaki Likoni. Alimwambia Baba kwamba mtoto huyu ana kichwa cha hesabu na aende sekondari. Baba aliuliza hesabu zangu zimewahi kuvua hata dagaa mmoja. Mjomba hupenda maneno makubwa kuliko mfuko wake. Alisema hesabu zangu zitamshinda Garama siku ya Jamhuri!

Baba alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Garama ni wa Waa, na pikapu yake, Kimbunga, ina injini mpya. Siku ya Jamhuri magari yatashindana katika shamba la zamani la minazi, kwenye ile barabara iliyonyooka. Yanaanza yakiwa yamesimama, na anayefika kwanza ndiye mshindi. Urefu: minazi arobaini na tano.

Baba alipomaliza kucheka alisema mbele ya mashahidi: Tawakali ikishinda, Mwanapili ataenda sekondari. Isiposhinda, mikeka.

Hakuna aliyeniuliza mimi. Nimefurahi sana.

Jumapili, 6 Desemba

Nimekwisha kugundua siri. Si injini. Ni difu!

Difu ni lile tufe la chuma katikati ya magurudumu ya nyuma. Ndani mna gia mbili zinazoumana meno. Ndogo inazungushwa na injini, kubwa inazungusha magurudumu. Ukigawanya meno ya kubwa kwa meno ya ndogo unapata uwiano. Difu ya Tawakali ina thelathini na saba kwa tisa, yaani nne na kidogo. Injini inazunguka mara nne, gurudumu mara moja. Hesabu ya darasa la sita tu!

Niliyahesabu meno mwenyewe, la kwanza nikalitia chaki. Fundi Tembo alinitazama kama mtu anayemwona kuku akisoma gazeti. Alisema difu haihesabiwi, husikilizwa. Alitega sikio akasema hii ina afya njema. Nilimshukuru.

Karakana yake ina difu mbili kuukuu za magari ya namna hii hii. Moja ina uwiano wa tatu na nusu. Nyingine inakaribia sita. Kumbe ushindi umelala kwenye kutu siku zote hizi na watu wanaupita tu.

Mama ameninawisha kwa majivu na ndimu. Bado nanuka grisi. Ni harufu ya sekondari.

Jumatatu, 7 Desemba

Tumefunga ile ya tatu na nusu. Hoja yangu: injini ikizunguka mara chache kwa kila mzunguko wa gurudumu, basi gari litakuwa na mbio zaidi. Hoja safi. Fundi Tembo hakupata la kujibu. Alikuwa anakula.

Tulijaribu mbele ya soko. Mjomba alikanyaga mafuta. Tawakali ilitetemeka, ikakohoa, ikazima. Akakanyaga tena. Ikasogea kama mtu aliyeitwa kuoga asubuhi ya kipupwe. Watoto walijitolea kusukuma. Ilipochanganya mwendo kweli ilikuwa na mbio za ajabu, lakini tulikuwa tumekwisha kufika kijiji cha pili.

Kwa bahati mbaya Garama alipita tulipokuwa bado tunasukumwa pale sokoni. Alipunguza mwendo, akatoa kichwa dirishani, akaweka mkono kifuani. Hakumsalimu Mjomba. Alilisalimu gari. “Shikamoo, Tawakali! Pumzika, bibi, jua kali!”

Soko zima lilicheka. Shangazi ameleta ukindu wa kuanzia mkeka. Ameuweka mlangoni kwangu.

Jumanne, 8 Desemba

Sikulala vizuri, lakini nimeamka na jibu. Nililifikiria jambo kichwa chini miguu juu! Mashindano yanaanza gari likiwa limesimama. Kinachotakiwa kwanza ni nguvu ya kuondoka. Uwiano mkubwa unaipa injini nguvu ya kusukuma, kama mtu anayeng'oa jiwe kwa mti mrefu badala ya kijiti. Basi ile inayokaribia sita!

Fundi Tembo aliifunga huku akinung'unika kwamba siku hizi Tawakali inavuliwa na kuvishwa difu kama bibi harusi. Mjomba alikanyaga. Tawakali iliruka! Iliruka kama mbuzi aliyekanyagwa mkia! Matenga yote ya samaki yalibaki nyuma barabarani, na Fundi Tembo, aliyekuwa amekaa juu yake, alibaki nayo.

Hakuumia sana. Alisema amesikia sasa kwamba difu hii ina afya mno.

Nimeurudisha ukindu kwa Shangazi kwa heshima zote.

Jumatano, 9 Desemba

Kuna jambo dogo. Difu hii inaondoka kwa nguvu lakini injini inafika mwisho wake mapema. Baada ya hapo inapiga kelele tu bila kuongeza mwendo. Kwa hiyo siri ya pili: injini ifike mwisho wake palepale kwenye mnazi wa mwisho, si kabla.

Nilikwenda shamba la shule yetu, ambalo bwana kilimo alilipanda kwa kamba, minazi imenyooka kama wanafunzi kwenye mstari. Nikapima mnazi hadi mnazi kwa hatua, nikazidisha kwa arobaini na tano. Kisha nikapiga hesabu za magurudumu. Injini itaanza kupiga kelele hatua chache tu kabla ya kumaliza! Hesabu hizi ni nzuri kiasi kwamba nilizinakili mara mbili.

Shamba la zamani liko mbali, sikuhitaji kwenda. Mnazi ni mnazi.

Mjomba amerudi kutoka Likoni akiwa na hasira. Alipitwa na baiskeli ya muuza mikate. Samaki walifika wamechoka, na wanunuzi walipatana bei wameziba pua. Nilimweleza kuwa elimu ina gharama zake. Alisema gharama hizo zinanuka.

Ijumaa, 11 Desemba

Baada ya swala ya Ijumaa Mjomba aliombewa dua. Mimi nilipitia hesabu mara ya mwisho. Zimekaa sawa.

Jirani yetu Bibi Kahaso amesema naye anataka kuyaona mashindano, ila magoti hayamruhusu kusimama, na vijana humzibia. Binti yake ameolewa na Garama, lakini Bibi Kahaso ni mtu wa haki, hapendelei mtu. Nimemwahidi kiti kwenye mnazi wa mwisho kabisa, kando ya barabara, mahali pazuri kuliko pote. Mama alinisifu. Alisema hivyo ndivyo mtoto aliyelelewa anavyowatendea wazee.

Nimefua sare yangu ya shule. Haina kazi kesho. Nimeifua tu.

Jumamosi, 12 Desemba. Jamhuri!

TUMESHINDA!

Niandike kwa utaratibu. Bendera zilipandishwa, ngoma zikapigwa. Magari yaliingia mstarini. Garama aliuliza kwa sauti kubwa kama Tawakali imekwisha kunywa uji. Mjomba alimjibu kwamba leo atakula vumbi lake kwa kijiko. Leso ikashushwa.

Tawakali iliruka! Garama alikuwa bado anacheka tulipokuwa tumekwisha kumwacha urefu wa magari mawili. Nilipiga kelele ambazo Mama alisema hazimfai msichana.

Kisha injini ya Tawakali ikaanza kulia. Kwa hesabu zangu hapo tulipaswa kuwa tumefika. Tulikuwa nusu ya njia. Inaonekana watu wa kale walipanda minazi yao kwa ukarimu mkubwa, kila mmoja na kiwanja chake. Ni kosa lao. Tawakali ililia, ikalia, haikuongeza hata punje ya mwendo. Kimbunga kikatufikia. Kikatupita. Baba, aliyekuwa kando yangu, alianza kuniuliza kwa upole kama napenda mikeka ya rangi au myeupe.

Imebaki minazi mitatu. Bibi Kahaso akanyanyuka kitini ili aone vizuri. Akasogea hatua moja barabarani, amejifunga leso yake nyekundu, akamtazama mkwewe uso kwa uso.

Kila mtu hapa anajua kwamba mwanamume hakutani njiani na mama mkwe. Humpisha. Garama ana maneno mengi, lakini adabu anayo. Akampisha. Alimpisha na pikapu nzima! Aliacha barabara, akaingia kwenye muhogo, akasimama huko ameinamisha kichwa juu ya usukani.

Tawakali ikapita ikilia. Ya kwanza!

Garama alisikika kutoka kwenye muhogo, amegeuzia uso upande wa pili, akiuliza mama ameamkaje. Bibi Kahaso naye aligeuza uso akasema yeye hajambo, ila anaona gari la mwanawe limeona njaa.

Watu walianguka kwa kicheko. Fundi Tembo alizunguka akitangaza kwamba aliyeshinda ni mama mkwe. Namsamehe. Hajui hesabu.

Jumapili, 13 Desemba

Baba aliniita barazani. Aliuliza, kwa utulivu, nini kingetokea kama Bibi Kahaso angebaki nyumbani. Niliomba chaki. Niliandika kwenye ubao wa mlango, upande wote wa juu na nusu ya chini. Nilithibitisha kwamba bila uwiano wangu Tawakali ingekuwa nyuma sana, na Kimbunga kingepata nafasi ya kutoka kwenye muhogo na kufika kwanza. Kwa hiyo difu ndiyo iliyoshinda. Bibi Kahaso alikuwa sehemu ya hesabu.

Baba aliusoma mlango kutoka juu hadi chini. Alisema ahadi ni deni, na yeye si mtu wa kuvunja ahadi. Kisha alisema mtoto anayebishana hivi afadhali akawachoshe walimu, maana yeye amechoka tayari.

Nitaenda sekondari! Nililia kidogo. Mama alilia zaidi. Baba alikwenda nyuma ya nyumba kuangalia kuku, akakaa huko muda mrefu.

Ni wazi hesabu za mlangoni zilimgusa.

Jumatano, 16 Desemba

Shule ni ile ya wasichana huko Taita. Mjomba atanipeleka kwa Tawakali, ndivyo alivyoapa. Aliomba tu turudishe difu ya zamani kwanza. Jana alipitwa na akina mama wenye ndoo za maji vichwani, na mmoja alimwuliza kama anahitaji msaada.

Nilimkatalia kwa upole. Difu iliyoshinda haipishi difu dhaifu. Kinyume chake, tutafunga kubwa zaidi: nimesikia kuna trekta bovu huko Ramisi, na difu yake ina uwiano mkubwa kuliko zote nilizowahi kuziona! Fundi Tembo alisikia, akaweka chini spana, akaenda kuswali na wakati haujafika.

Mjomba alihesabu kwa vidole kimya kimya. Akasema kama ni hivyo, tuondoke keshokutwa, ili tuwahi Januari.

Nimemwambia asiwe na wasiwasi hata kidogo. Katika wasichana wote wanaokwenda Taita mwaka huu, hakuna atakayeondoka kwa kasi kama mimi.