Uzinduzi wa Kifaa cha Kung'olea Krenki

...na ndiyo maana, kama nilivyokuwa nikimwambia mke wangu asubuhi akinifunga tai, krenki ya baiskeli haing'olewi kwa nyundo. Mheshimiwa Mwenyekiti, Mheshimiwa Makamu, waheshimiwa manaibu wa makamu, mafundi baiskeli wote, mama mkunga ambaye baiskeli yake imelala karakana kwa krenki iliyokwama, na wewe, ua la moyo wangu, uliyeketi mstari wa mbele ukinimulika kuliko taa za ukumbi: itifaki imezingatiwa. (Makofi. Bibi harusi anaona haya.)

Ofisi yangu, kupitia mkakati shirikishi wa kimenejimenti, imefanya utafiti wa kina juu ya krenki, yaani ule mkono wa chuma unaobeba pedali, na kubaini kuwa asilimia tisini na tisa ya krenki zilizokwama, zimekwama kwelikweli. (Vigelegele.) Kifaa cha kuzing'olea, ndugu zangu, huchaguliwa kama mchumba: usihadaike na mng'ao, tazama uzi wake wa skrubu, kwani kilicho cha kuaminika hukubali kuzungushwa kwa vidole mpaka mwisho kabla spana haijaguswa, na chuma chake hakipindi mambo yakiwa magumu. Nilipomwona mke wangu nikajua, huyu hapindi! (Kicheko. Fundi mmoja: "Mheshimiwa, ni cha ekseli ya mraba au ya duara?") Serikali haibagui maumbo, fundi! ("Kisipolingana kitatuharibia krenki, bwana!") Hoja yako itaundiwa kamati ndogo. (Mama mkunga anasimama: "Mwanangu, wajawazito wako ng'ambo ya kilima, nawafuata kwa miguu. Juzi nimekuta mtoto keshazaliwa. Kifaa kiko wapi?")

Shikamoo, mama. ("Marahaba. Kiko wapi?") Ili tukichague bila papara, tulifanya ziara ya mafunzo ufukweni, mimi nikiwa mkuu wa msafara na mke wangu akiwa wataalamu wengine wote. Tulitazama machweo kitaalamu, tumeshikana mikono. ("Hiyo si fungate?") Fungate ni istilahi ya mtaani, mama.

Krenki nyepesi! (Watu wanatazamana.) Maisha mepesi! (Mafundi wanainua nyundo.)

Nawashukuru kwa kuuamini mradi huu, ambao kwa utamu wa ndoa sikuwahi kuuanzisha, sembuse kununua kifaa. Mama, kutembea ni afya. Kabla mwezi haujaisha tutakutembelea nyumbani, maana tangu juzi mwenzangu anatapika na kutamani ndimu, nasi tungependa kujua: ukiitwa ghafla, huwa unafika upesi?