Lamda za Dada

Jumatatu, 3 Juni
Dada yangu mkubwa kaleta kwenye duka letu la uchapaji tasnifu yake ya mawimbi. Kurasa arobaini za mwandiko wa mkono, herufi za Kigiriki zimejaa kama siafu. Isipofika kwa mwalimu wake Ijumaa kabla ya saa sita, anarudia mwaka mzima. Mchapaji mwenzangu, tunamwita Bibi Nukta maana nukta haimpiti, akanyoosha mkono aichukue. Nikamwahi! Nina siri. Unachagua fonti ya alama, unabonyeza l, inatoka λ, yaani lamda. Unabonyeza p, inatoka π! Siku niliyoigundua nilisimama juu ya kiti. Na hakuna aliyenifundisha.

Jumanne, 4 Juni
Nimemaliza. Nimeshamtumia mwalimu. Vidole hivi ni moto wa kuotea mbali! Bibi Nukta kachungulia, kasema hizo ni l tu, nimezivalisha koti. Nikamwambia, "Shangazi, wivu utakuzeesha." Akasema ameshazeeka, sasa anakaa tu kuangalia vichekesho.

Jumatano, 5 Juni
Balaa! Kompyuta ya mwalimu haina fonti yangu. Lamda zote zimekuwa l. Kamuuliza dada "urefu wa l" ni mdudu gani. Dada kaja anahema. Nikamwambia tulia, dakika moja tu. Nikachagua waraka mzima, nikaweka fonti ya kawaida ambayo kila mtu anayo. Nikahifadhi. Sasa hata kwangu lamda na l ni mapacha, huwezi kuwatofautisha. Nakala ya akiba? Ya nini, mtu mwenyewe unajiamini! Dada hakunigombeza. Alikaa chini, akavua viatu. Hapo ndipo nilipoumia.

Alhamisi, 6 Juni
Nimemwangukia Bibi Nukta. Akaguna, akaandika 03BB, akabonyeza vitufe viwili. Pap! λ. Akabadili fonti mara tano. Sura inabadilika, lamda inabaki lamda! Akasema kila herufi ina namba yake, moja tu, dunia nzima, kompyuta zote zimekubaliana. Hata herufi za watu waliokufa miaka elfu tatu iliyopita, zina namba. Mwili ulinisisimka. Mimi siku zote nilidhani herufi ni picha! Kumbe mtu nisiyemjua, ng'ambo huko, akiita namba hiyo anaitikiwa na lamda ileile. Nilitaka kulia. Bibi Nukta akasema nilie huku nachapa. Dada akawa anasoma mwandiko wake, mimi natengeneza. Mia sita na kumi na mbili, moja moja.

Ijumaa, 7 Juni
Saa tano na dakika arobaini! Mwalimu kafungua, lamda zimesimama wima kama askari. Kapokea! Dada kamkumbatia Bibi Nukta. Mimi kanipiga konzi, ila la upendo. Imebaki nakala ya maktaba tu. Nimeapa mbele yao wote: mbwembwe basi.

Jumamosi, 8 Juni
Nimeipekua orodha ya namba mpaka macho yameuma. Kuna viti vitupu! Maelfu! Namba zisizo na herufi, zimeachwa kila mtu ajiwekee yake kwenye kompyuta yake. Nimechora herufi yangu mwenyewe, ina mkia na taji. Nikaipa namba. Nikaipanga chini ya kila ukurasa wa dada, na kwenye jalada kubwa kama sahani, zawadi yake. Kwenye kompyuta yangu inang'aa, sijapata kuona! Maktaba wameshaipata nakala yao. Dada kapiga simu anafoka, eti kuna visanduku vitupu kila ukurasa. Maskini, maktaba nzima haina kompyuta ya maana.