Safu ya Waheshimiwa

Kwa matarumbeta na hotuba ya saa mbili, serikali ilitangaza kuwa programu ya kuchambua usugu wa vimelea dhidi ya dawa imepandishwa hadhi. Zamani ilikuwa na safu mbili tu, Binadamu na Wanyama, na daktari aliitazama kujua dawa ipi bado inaua kimelea kipi. Sasa imepata ya tatu: Waheshimiwa.

Wazo lilikuwa la Mkurugenzi wa Afya mwenyewe. Siku alipoonyeshwa programu, alikuta vimelea vya kikohozi chake vimepangwa ubavuni mwa vya mbuzi, kama majirani wa kuombana chumvi. Akatoa waraka: vimelea vya kiongozi visilinganishwe na vya mtu wala mnyama yeyote. Kamati ilikaa siku tisa, ikapiga makofi, ikatawanyika.

Mwezi uliofuata aliingia bandani kukagua kuku wake elfu mbili, ambao kila asubuhi aliwachanganyia dawa kwenye chakula ili wanenepe. Jogoo mmoja, asiyejua itifaki, akamparua mguu. Siku ya nne mguu ulikuwa umevimba kama mtungi, na vidonge alivyopewa havikufua dafu.

"Mzee, vimelea vikiingia kwenye damu, mguu tutauaga," daktari alimwambia. "Dawa inayofaa naitaka leo hii."

Wakamsukuma kwa kiti cha magurudumu mpaka kwa binti wa takwimu, yule aliyeupinga waraka na meza yake ikahamishiwa jirani na choo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Fungua safu yangu, upesi."

Safu ilifunguka, nyeupe pe.

"Ina mgonjwa mmoja tu, baba. Wewe. Programu hulinganisha mtu na wenzake, na wewe wenzako hawamo."

"Na mawaziri?"

"Hao hutibiwa nje."

Mkurugenzi alikohoa. Kiongozi bora, aliona, hushuka kwa wananchi. "Basi niweke kwa Binadamu. Kwa muda tu."

"Huko watakupa vidonge vilevile ulivyomeza. Naona mikwaruzo mguuni. Aliyekuparua nani?"

"Jogoo wangu."

"Basi ukoo wa vimelea vyako uko bandani. Kuku mia nne wa eneo lenu wamo humu. Nikikulinganisha nao, tutajua dawa ipi bado inaviua." Akabonyeza. Kompyuta ikalia kwa hasira. "Imekataa. Inataka idhini ya aliyetoa waraka, kwa maneno yake mwenyewe. Inauliza: mgonjwa ni kiumbe gani?"

Mlango ulikuwa wazi. Kwenye benchi la nje wagonjwa kumi na mmoja walitega masikio, hata waliokuwa wakikohoa. Mguu ulipwita. Mkurugenzi alitazama dari.

"Kuku," alinong'ona.

"Sema kwa nguvu, baba, feni inanguruma."

"Kuku! Niandike kuku, mwanangu!"

Benchi likaangua kicheko. Binti hakucheka, alishuka kwenye kisanduku kinachofuata.

"Wa mayai au wa nyama?"

Mkurugenzi alijiweka sawa kitini, akafunga kifungo cha koti.

"Wa nyama," akasema, maana hadhi ni hadhi.

Jina la dawa likatokea, moja tu, na daktari akatoka mbio kuifuata. Bibi mmoja akachungulia mlangoni, akamtazama Mkurugenzi kwa huruma ya kweli.

"Pole, mwanangu," akasema. "Wa nyama hawafikishi miezi miwili."