Leso Nyekundu Jukwaani

Jumatatu, 6 Novemba 1786
Bila mimi, London haina opera. Watunzi wapo, waimbaji wapo, sikatai. Lakini tambi za mishumaa ya jukwaa nakata mimi. Nikigoma, watu watasikiliza gizani kama popo. Sprake, anayevingirisha matufe ya chuma ili isikike kama radi, anasema hata nyani anaweza kukata tambi. Wivu tu.

Opera mpya ni ya kuchekesha: mtumishi wa kike anamficha mchumba ndani ya pipa la siki. Mtumishi ni Hester, binti wa dada yangu. Miaka sita ameshona glavu; sasa kapata wimbo. Mmoja! Leo meneja wetu, Bwana Quennell, kamwambia waziwazi: usiku wa kwanza watazamaji wasipodai urudiwe, wimbo unakatwa, naye arudi kwenye sindano. Hester akapiga goti kwa adabu. Mimi nikamjibu vikali. Moyoni, lakini.

Jumatano, 8 Novemba
Mpango tayari. Nimepata wapagazi wanane wa soko la samaki, vifua kama milango ya kanisa. Ujira wao pai za kondoo na bia. Mkubwa wao, Tulley, akauliza watajuaje wimbo umekwisha, maana muziki wanaoujua wao ni kengele ya mnada. Nikamwambia wanitazame pembeni mwa jukwaa. Nikitoa leso nyekundu, wapige kelele "Rudia!" Akauliza, hata kama hawajaelewa? Nikasema hasa kama hawajaelewa.

Hester akaninusa. "Mjomba, unanuka samaki. Unapanga nini?"

Nikamjibu napanga heshima ya ukoo. Akanisihi, mikono miwili, nisifanye lolote. Mtoto hajui vita.

Ijumaa, 10 Novemba
Hujuma! Jana, usiku wa kwanza, moshi wa tambi uliniingia machoni. Hester kaimba mstari wa kwanza tu, "Nimekungoja tangu asubuhi," machozi yakanitoka. Nikatoa leso nijifute. "Rudia!" Sauti za kunadia samaki! Fidla zikakwama. Hester akaanza upya, mstari uleule. Macho tena, leso tena. "Rudia!" Sprake alicheka hadi akaangusha tufe, likapiga radi isiyokuwemo kwenye opera. Watu wakaanza kuzomea. Ganda la chungwa likanipata sikioni. Nikaziona glavu. Nikaiona sindano. Nikamwona na dada yangu, ameshika mwiko.

Mara ya tatu Hester akashika kiuno, akawageukia wapagazi, akaimba:

"Nimekungoja tangu asubuhi, na kwa hawa nitakungoja mpaka Krismasi!"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Wimbo mzima ukadaiwa tena mara mbili, na watu waliolipa kwa mifuko yao. Bwana Quennell ameuacha ubaki, na ameagiza Hester akatizwe vilevile kila usiku. Wapagazi wameajiriwa. Mimi nimekatazwa kuingia na leso.

Jumamosi, 11 Novemba
Nimemweleza Sprake kwamba yote niliyapanga, hata ganda la chungwa. Opera ijayo nitaleta wapagazi kumi na sita, na ishara itakuwa kofia. Nani amewahi kujifutia machozi kofia?

Hester kaniletea pai. Akaniuliza taratibu, moshi gani ule, Mjomba, na mishumaa ya upande wako ilikuwa haijawashwa? Nikamwambia ale, pai inapoa.

Haukuwa moshi.